Unga wa Busia na Tembe za Kliniki

Mwezi huu nataka tuongee juu ya dawa za miti shamba, hasa zile za uvimbe na maumivu ya viungo, kwa sababu nyumba nyingi humu kambini ziko na chupa au kikaratasi cha unga kilichotoka Busia au Tororo.

Wenzetu waliopitia kambi ya mpito ya Mulanda, wilaya ya Tororo, mwaka 2008 baada ya zile fujo za uchaguzi wa Kenya, wanazijua hizo njia vizuri. Ukishuka Busia, mji uliokatwa katikati na mpaka (na ndiko wanakosema jina la bodaboda lilizaliwa, watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka boda mpaka boda), unakuta akina mama na wazee wamepanga vitu vyao chini: mukombero wa kutafuna, ambao Waganda huuita mulondo, maganda ya miti, mizizi iliyofungwa kwa kamba, na unga wa kila rangi. Ukiuliza unaambiwa huu ni wa magoti, huu wa mgongo, huu wa tumbo. Wakati mwingine unga ni ule ule, aliyebadilika ni mteja tu!

Najua kuna watakaosema mwalimu ameanza kudharau dawa za wazee. Hapana. Hata tembe tunazopewa kliniki, babu yake ni mti. Huko Ulaya kuna mti unaoitwa willow, unaopenda kuota kando ya mito, na watu walichemsha ganda lake kwa homa na maumivu tangu zamani sana. Wanasayansi walifuata dawa iliyo ndani ya lile ganda, wakaigeuza kidogo isichome tumbo sana, na mwaka 1899 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza aspirini. Lakini namna inavyofanya kazi haikujulikana mpaka mwaka 1971, wakati Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba aspirini inauzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu mahali ulipoumia. Mwaka 1982 Vane alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Brufen na diklofenaki zinapita njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo pana shida. Zile prostaglandini si adui peke yake. Ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo isiliwe na asidi, na zinasaidia damu ifike kwenye figo. Ukizizima kila siku kwa miezi, goti linapoa lakini tumbo linaweza kutoboka, na figo zinaweza kuchoka. Wataalamu walijaribu kutengeneza tembe za kuzima uvimbe bila kugusa tumbo. Moja iliyokuwa na jina kubwa ni Vioxx, lakini mwaka 2004 kampuni iliiondoa sokoni dunia nzima kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Kwa hiyo dawa mpya ya uvimbe bado inatafutwa, na mahali pamoja inapotafutwa ni kwenye miti yetu.

Si mbali. Ukitoka Tororo ukapita Kampala, unafika Mpigi. Huko watafiti wa Ujerumani na wa Uganda walikaa na waganga wa jadi, wakauliza ni mimea gani wanatumia kwa magonjwa yenye uvimbe na maumivu, wakaipeleka maabara. Majibu yalichapishwa mwaka 2021: baadhi ya mimea hiyo ilizuia hasa kile kimeng'enya ambacho tembe za uvimbe hukizuia. Kati ya iliyopimwa ni ule mti mchungu wenye kuwasha ulimini, Warburgia, ambao Wakikuyu wanauita muthiga na Wamaasai osokonoi. Wazee wetu kumbe hawakuwa wanabahatisha tu.

Lakini tusikimbie. Kuzuia kimeng'enya ndani ya chupa ya maabara si sawa na kumponya mtu. Bado hatujaambiwa kijiko kimoja ni kingi au ni kidogo, wala mama mjamzito atapata nini. Na sikilizeni vizuri hapa: kama mti unapita njia ile ile ya diklofenaki, basi ukimeza tembe asubuhi na kunywa unga jioni, huenda umemeza dozi mbili za kitu kimoja. Mzee anafikiri anajisaidia pande zote mbili, kumbe tumbo na figo zinapigwa mara mbili.

Kuna jambo lingine baya zaidi. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta unga wa "miti shamba" uliosagiwa ndani yake diklofenaki au dawa kali aina ya steroidi. Ukinywa, maumivu yanaondoka siku hiyo hiyo, na muuzaji anasifiwa mji mzima. Mimi unga unaoponya goti kwa saa moja unanitia wasiwasi kuliko ule usioponya kabisa.

Mfano mzuri uko Kakamega, upande wa Kenya, safari fupi tu kutoka Busia. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, kinalima mmea wa jamii ya mrihani, Waluhya wanauita mwonyi, wenye kafuri ndani yake. Wakisaidiwa na watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Nairobi, wanakamua mafuta na kutengeneza dawa ya kupaka inayoitwa Naturub, kwa mafua na maumivu ya misuli. Mwaka 2010 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Nawapenda kwa sababu wanaupanda mmea wenyewe shambani badala ya kuumaliza msituni, na mkebe una jina na kipimo. Tena ni ya kupaka, haipiti tumboni.

Basi ukienda kliniki, mwambie muuguzi unakunywa mti gani, hata kama anakunja uso. Mbebee hicho kikaratasi. Mkiona choo cheusi kama lami, miguu au uso kuvimba, au mkojo kupungua, acheni vyote viwili na mwende siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Mtoto mwenye homa msimpe aspirini wala unga wa magoti wa nyanya yake.

Na wazee mnaojua majani na majina yake kwa Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kiteso au lugha za Kongo, njooni darasani kwetu. Watoto wa darasa la sita wanaandika orodha, na mpaka sasa wameandika mululuza na mwarobaini tu.