Chujio la Koni na Nguvu Isiyokuwepo

Swali lisilokoma kwenye maduka ya vipuri, Gerezani jijini Dar es Salaam na Grogan jijini Nairobi, ni chujio lipi la koni, yaani lile la wazi linalofungwa kwenye ncha ya bomba baada ya boksi la kiwandani kung'olewa, litakaloongeza nguvu ya Toyota Vitz au IST na papo hapo kupunguza ulaji wa mafuta. Swali hilo limekaa kombo tangu mwanzo, kwa kuwa linachukulia kwamba injini ya gari dogo inakabwa koo na chujio lake, na dhana hiyo isipoguswa, ushauri wowote kuhusu chapa na bei humsaidia mteja kupoteza fedha tu.

Injini ya lita 1.5 hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo hata ikizunguka mara 6,000 kwa dakika haivuti zaidi ya lita 4,500 za hewa, na njia ya kiwandani, chujio safi la karatasi likiwemo, hupitisha kiasi hicho kwa kupoteza kilopaskali chache tu za mgandamizo kati ya takriban 101 zilizopo usawa wa bahari. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, huwa imekwisha kupoteza takriban 18 kabla hewa haijaingia garini, na ndiyo maana gari lililovuta vizuri Mombasa huonekana kuchoka likipanda Limuru. Hakuna koni inayoweza kurudisha hewa ambayo haipo angani.

Madai ya kupunguza ulaji wa mafuta ndiyo dhaifu zaidi, na yanastahili kubomolewa hadi msingi. Katika mwendo wa kawaida kinachodhibiti hewa si chujio bali kilango cha hewa, bamba dogo la duara linalofunguka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, ambalo kwa sehemu kubwa ya safari hubaki karibu limefungwa ili injini itoe nguvu inayohitajika tu. Njia iliyo mbele ya kilango hicho ikipanuliwa, dereva, bila hata kujua, hulegeza mguu ili abaki katika mwendo uleule, hewa inayoingia huwa ileile, na kompyuta ya injini, inayopima petroli kwa kufuata hewa, hunyunyiza petroli ileile. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha mwaka 2009 majaribio ambamo machujio yalizibwa kwa makusudi, na magari ya kisasa yasiyotumia kabureta hayakuongeza ulaji wa mafuta kwa kiwango cha maana, ingawa yalikuwa mazito kuchomoka yalipokanyagwa hadi mwisho. Ikiwa chujio lililoziba halikuongeza ulaji, lililo wazi litaupunguza kwa njia gani? Imani hii ni masalia ya enzi za kabureta, ambapo chujio lililoziba lilifanya petroli izidi hewa, na inasikitisha kwamba bado inauzwa kwa watu ambao magari yao hayajawahi kuwa na kabureta.

Kinachobadilika kweli ni joto na sauti. Boksi la kiwandani huvuta hewa ya nje kwa pua iliyoelekezwa mbali na joto la injini, ilhali koni hunyonya hewa ya chini ya boneti iliyokwisha kupashwa na rejeta na ekzosi, hasa kwenye foleni; na hewa ya nyuzi 32 za Selsiasi ikipanda hadi 60 hupoteza takriban asilimia 8 ya uzito kwa kila lita. Sauti ndiyo inayomdanganya dereva. Pembeni mwa bomba la magari mengi madogo kuna chombo cha plastiki chenye mdomo mmoja tu, kiitwacho rezoneta, ambacho hewa haikipiti bali huingia na kurudi kwa mawimbi ili kuua mngurumo. Fundi anayekiondoa kwa hoja kwamba kinabana hewa ameondoa kitu ambacho hakikuwa njiani, na mngurumo unaorejea husikika kama nguvu.

Baya zaidi ni vumbi. Vumbi la barabara za changarawe lina chembe za kwatsi ngumu kuliko chuma cha silinda, na zile za mikroni 5 hadi 20, zisizoonekana kwa macho, ndizo zinazosaga ringi za pistoni hadi gari linaanza kula oili. Muuzaji asiyeweza kuonyesha matokeo ya ISO 5011, kipimo cha kimataifa kinachoonyesha pia vumbi linalonaswa na si wepesi wa kupitisha hewa pekee, hana la kumwambia mteja. Machujio ya pamba hunasa vumbi kwa oili, ambayo ikizidi hugandia sensa ya hewa, uzi mwembamba unaopashwa umeme ili kukadiria hewa inayopita. Sensa hiyo huonja sehemu ndogo tu ya mkondo, kwa hiyo bomba likiwa pana kuliko la kiwandani hewa hupita taratibu, sensa husoma pungufu, petroli hupungua, na taa ya injini huweza kuwaka kwa msimbo P0171.

Anayetaka gari livute vizuri abadilishe chujio la karatasi kwa wakati, badala ya kulipuliza kwa kompresa mpaka lichanike. Anayetaka sauti, na hiyo ni haki yake, achague mfumo wenye boksi lililofungwa na kipenyo cha kiwandani mahali pa sensa, tena aepuke bomba linaloshuka hadi kwenye bampa, kwa sababu dimbwi moja la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika latosha kuingiza maji kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayagandamiziki, konrodi, mkono unaoshika pistoni, hupinda. Wakati wa kufunga, waya wa betri utolewe, uzi wa sensa usiguswe, mshale wake uelekee injini, mpira wa kupumulia wa injini urudishwe mahali pake na klampu zikazwe zote. Baada ya wiki chache bomba lifunguliwe nyuma ya chujio na ukuta wake wa ndani ufutwe kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi na klampu zote zimekaza, mfumo huo uondolewe siku hiyohiyo na boksi la kiwandani, ambalo halikupaswa kutupwa, lirudishwe.