Kasoro za rangi ya poda kwenye pikipiki: Tiba huanza kabla ya oveni

PIKIPIKI imekuwa mtaji wa maelfu ya kaya mijini na vijijini. Inabeba abiria, maziwa, mkaa, magunia ya mahindi na mifuko ya mbolea. Lakini mizigo hiyo hiyo ndiyo inayoila. Mbolea ya chumvichumvi ikimwagika kwenye keria, maji ya samaki yakichuruzika kwenye fremu, au upepo wa bahari ukivuma kila siku kwa mmiliki aliyeko Tanga, Dar es Salaam au Mtwara, kutu huanza kazi mapema na bei ya chombo hushuka.

Ndiyo maana wamiliki wengi hupeleka fremu, ringi, stendi na keria zao kupakwa rangi ya poda. Rangi hii haina tina. Ni unga mkavu unaopulizwa kwa bunduki inayoupa chaji ya umeme. Unga huo hung'ang'ania chuma kilichofungwa waya wa ethi, kisha kipande huingizwa kwenye oveni ambamo unga huyeyuka na kukauka kuwa ngozi moja ngumu.

Ikifanyika vizuri, rangi hiyo huvumilia mikwaruzo, petroli na mvua kuliko rangi nyingi za kupuliza za kawaida. Ikifanyika vibaya, chuma hutoka kwenye oveni kikiwa na vishimo, malengelenge au ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa. Wakati mwingine hung'aa siku ya kwanza, kisha hubanduka vipande vipande baada ya miezi michache.

Hasara yake si ndogo. Kwa mfano, ikiwa fundi ametoza Sh80,000 kwa fremu, na poda, umeme na vibarua vimekula Sh55,000, faida yake ni Sh25,000. Fremu hiyo ikirudi na kurudiwa upya kwa gharama ile ile, faida yote inayeyuka na anabaki na hasara ya Sh30,000, kabla hajahesabu kazi ya kuibandua rangi ya kwanza. Mwenye pikipiki naye amekaa siku kadhaa bila hesabu ya bosi wala chakula cha watoto.

Kosa kubwa linaloongeza hasara hiyo ni haraka ya kupuliza tabaka la pili juu ya kasoro kabla ya kujua chanzo chake. Kasoro nyingi zinazoonekana baada ya oveni zilizaliwa kabla kipande hakijaingia humo. Kila moja ina umbo lake, na umbo hilo ndilo linalomwonyesha fundi hatua iliyokosewa.

Vishimo vya duara

Vishimo vidogo vya duara vyenye kingo zilizonyanyuka, ambavyo chini yake chuma huonekana, ni dalili ya mafuta. Pikipiki imejaa mafuta: grisi ya beringi, oili ya mnyororo na dawa za kung'arisha plastiki na matairi. Dawa zenye silikoni ndizo mbaya zaidi, kwani tone dogo tu hufukuza rangi.

Mafundi wengi hukosea mpangilio wa kazi. Hupiga msasa au mchanga kwanza, kisha hufuta mafuta. Kufanya hivyo ni kuyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo ya chuma. Mpangilio sahihi ni kuosha mafuta kwanza, kupiga mchanga, kisha kusafisha tena kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Baada ya hapo kipande kishikwe kwa glavu safi, maana hata jasho la kidole huacha alama.

Kipo kipimo kisicho na gharama. Mwaga maji safi juu ya chuma kilichooshwa. Yakitandaa kama karatasi bila kukatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta. Kipande kikaushwe kabisa kabla ya kupulizwa.

Ikiwa chuma ni safi na vishimo bado vinatokea, mtuhumiwa anayefuata ni kompresa. Elekeza mpira wake kwenye kitambaa cheupe kwa dakika moja. Kikipata unyevu au madoa ya mafuta, tangi la kompresa linahitaji kumwagwa maji na kichujio kubadilishwa. Wakati wa masika na katika miji ya pwani, kumwaga maji hayo iwe kazi ya kila asubuhi.

Malengelenge na vitundu vya sindano

Vitundu hivi huonekana zaidi kwenye kava za injini, habu na vipande vingine vya aluminiamu ya kusubu. Chuma cha namna hiyo kina vinyweleo vilivyobeba hewa, unyevu na oili ya miaka mingi. Joto la oveni linapopanda, vitu hivyo hutoka vikipasua rangi inayoyeyuka.

Tiba yake ni kukipasha moto kipande kitupu kwanza, kwenye joto lililo juu kidogo ya lile la kuchomea rangi, mpaka kiache kutoa moshi. Kisha kipoe, kisafishwe upya na ndipo kipulizwe. Ziko pia poda zilizotengenezwa kwa ajili ya vyuma vya kusubu. Kipande kilicholowa oili sana huenda kikahitaji kuchomwa na kuoshwa zaidi ya mara moja.

Kwenye fremu ya chuma cha kawaida, malengelenge mara nyingi hutokana na kutu iliyoachwa kwenye mashimo, masizi ya welding au poda iliyopakwa nene kupita kiasi. Ikiwa puti ya kawaida ya magari imetumika kuziba mbonyeo, fundi asishangae. Puti hiyo haikutengenezwa kustahimili joto la oveni.

Ganda la chungwa

Uso wenye mawimbi kama ganda la chungwa kwa kawaida husema kuwa poda ni nene mno, ingawa poda nyembamba mno nayo huweza kuleta sura hiyo. Unene unaofaa kwa poda nyingi ni maikroni 60 hadi 80, karibu na unene wa unywele wa binadamu. Kipimo cha unene ni kifaa ambacho karakana inayopokea kazi kila siku inapaswa kuwa nacho.

Chanzo kingine ni chaji kubwa mno ya bunduki. Umeme ukizidi, chembe za poda huanza kusukumana juu ya chuma na kuacha vinundu. Hali hii hutokea haraka zaidi kwenye tabaka la pili, kwa sababu rangi ya kwanza huzuia chaji isiende ardhini. Hapo chaji ipunguzwe na bunduki isogezwe nyuma kidogo.

Poda iliyoganda kwa joto au unyevu nayo haitandazi vizuri. Mfuko ufungwe vizuri na uwekwe mahali pakavu na penye baridi, wala usihifadhiwe kando ya oveni au chini ya bati linalopigwa na jua.

Kona zisizoshika rangi

Maungio ya fremu na pembe za ndani huachwa na upara hata fundi akipuliza mara nyingi. Umeme hupenda kingo za nje zilizo karibu, hivyo poda hurukia huko na kukwepa ndani. Kuongeza poda hakusaidii, kwani kingo hunenepa na kona hubaki vilevile.

Kinachosaidia ni kuanza na kona, kupunguza chaji na hewa, kisha kumalizia sehemu za wazi kwa chaji ya kawaida. Kulabu za kutundikia nazo zikaguliwe. Kulabu iliyojaa rangi ya kazi zilizopita haipitishi umeme, na bila ethi nzuri poda huanguka sakafuni. Upinzani kati ya kipande na ardhi usizidi ohm milioni 1.

Rangi inayobanduka

Hii ndiyo kasoro inayovunja jina la fundi, kwa sababu hujitokeza mteja akiwa ameshalipa. Vyanzo vyake vikuu ni viwili: maandalizi duni, au rangi isiyoiva.

Poda nyingi huiva kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Sentigredi kwa dakika 10 hadi 20, kwa kufuata karatasi ya maelekezo ya mtengenezaji. Joto linalokusudiwa hapo ni la chuma chenyewe, si la hewa ya oveni. Keria nyembamba hupata joto upesi, lakini habu nzito huchelewa. Anayehesabu dakika tangu afunge mlango hutoa habu ikiwa mbichi. Kadhalika umeme ukipungua nguvu au ukikatika katikati, hesabu ya dakika inavurugika.

Kwa kujaribu, kitambaa chenye asetoni kisuguliwe mara kadhaa mahali pasipoonekana, rangi ikiwa imepoa. Rangi ikitoka kwa wingi au ikilainika hadi kukwaruzika kwa ukucha, haijaiva. Mara nyingi kipande hicho huokolewa kwa kurudishwa kwenye oveni. Rangi nyeupe iliyogeuka njano imeiva kupita kiasi, na hiyo hairudi.

Kushika kwa rangi kupimwe kwenye kipande cha majaribio. Chora mistari 6 kwa wembe na 6 mingine ya kuikata, ikiachana milimita 2, kisha bandika gundi ya karatasi na uivute. Vijisanduku vikibanduka hadi chuma kuonekana, maandalizi yana kasoro. Pwani, fremu iliyopigwa mchanga isilale wazi, kwani kutu changa huanza ndani ya saa chache. Praima yenye zinki chini ya poda huongeza kinga dhidi ya chumvi.

Kurekebisha au kubandua?

Chembe chache za vumbi na ganda la chungwa huweza kupigwa msasa namba 220 hadi 320, kufutwa na kupulizwa tabaka moja jingine. Vishimo vya mafuta vilivyotapakaa, malengelenge na rangi inayobanduka havifunikwi. Lazima rangi yote itolewe hadi kwenye chuma na kazi ianze upya. Tabaka la tatu juu ya mawili yenye matatizo ni kupoteza poda.

Vipo pia visivyopaswa kuingia kwenye oveni kabisa. Shokapu zenye gesi au oili zinaweza kupasuka. Tangi la mafuta ambalo halijaoshwa na kutolewa mvuke wote wa petroli linaweza kulipuka. Beringi, sili na mipira yote itolewe. Ringi za aluminiamu zisizidishiwe joto wala muda, maana zinaweza kupoteza nguvu. Unga wa poda uliotanda hewani nao hushika moto kwa cheche, hivyo chumba cha kupulizia kiwe na feni ya kunyonya, na fundi avae kinyago.

Ushauri kwa fundi na mteja

Karakana ndogo itapunguza kazi za kurudia kwa kuwa na daftari la kila kazi: aina ya chuma, jinsi kilivyosafishwa, poda iliyotumika, joto na dakika. Kasoro ikijirudia, daftari litaonyesha kilichobadilika, iwe ni mfuko mpya wa poda, siku ya mvua au kibarua mgeni.

Mteja naye asilipe kwa kuvutiwa na mng'aro. Akague kona za ndani na chini ya fremu, apapase uso kutafuta vitundu, na aulize kama kutu ilipigwa mchanga au ilifunikwa tu. Akabidhi pikipiki ikiwa imeoshwa, aseme kama ina puti au iliwahi kuchomelewa, na wakubaliane mapema nani atalipa kazi ikirudi.