Uhakiki na Adabu Yake katika Hadithi za Mashabiki

Utangulizi

Hadithi ya shabiki ni utungo wa msomaji au mtazamaji ambaye, baada ya kuvutiwa na kazi ya mtu mwingine, huwachukua wahusika wa kazi hiyo akawatungia kisa kipya. Aghalabu mtungaji wa namna hii hauzi alichokiandika, kwa kuwa wahusika si mali yake. Huwaandikia wenzake wanaoipenda kazi ile ile, nao humlipa kwa kumsoma na kumpa maoni yao. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Ikiwa ujira wa mwandishi ni neno la msomaji tu, basi neno hilo likitolewa kwa dharau huweza kumnyamazisha kabisa. Na likizuiliwa kwa kuogopa kumuudhi, humwacha pale pale alipokuwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jamii za mashabiki zilivyojitungia adabu ya kuhakikiana, mahali zilipoteleza, na jinsi kuteleza huko kunavyofanana na jambo lililotokea katika ushairi wa Kiswahili.

Chanzo cha Desturi

Kutunga juu ya kazi ya mwingine si jambo geni kwa msomi wa Kiswahili. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo ya mtangulizi wake na kuiongezea mitatu yake mwenyewe, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisi inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyojengwa juu ya utungo unaodhaniwa kuwa wa Fumo Liyongo, ni mfano mashuhuri. Hata hivyo, hadithi za mashabiki kwa maana inayotumika hapa zilistawi hasa Marekani, baada ya mchezo wa televisheni uitwao Star Trek kuanza kuonyeshwa mwaka 1966. Mwaka uliofuata kulitolewa Spockanalia, jarida lililotungwa na kuchapishwa na mashabiki wenyewe, na mengine mengi yakafuata.

Majarida hayo yalirithi desturi ya mashabiki wa zamani wa hadithi za sayansi, ambao walithamini sana barua za wasomaji. Mtu aliyeandika barua ya maoni aliweza kupewa toleo lililofuata bila malipo. Kwa hiyo uhakiki ulihesabiwa kuwa mchango sawa na hadithi au mchoro, na aliyeutoa alitarajiwa kuwa ameisoma kazi yenyewe. Lakini wachangiaji wengi hawakuwa waandishi wa kazi. Wengi wao walikuwa wanawake walioandika katika saa za mapumziko, na baadhi yao walikuwa wakijaribu kutunga kwa mara ya kwanza.

Kisa cha Mary Sue

Mnamo 1973 Paula Smith alitoa kisa kifupi sana cha mzaha katika jarida la Menagerie. Mhusika wake, Luteni Mary Sue, ana umri wa miaka kumi na mitano na nusu, naye ndiye luteni mdogo kuliko wote. Hakuna asiloliweza, na hakuna asiyempenda. Mwishowe hufa, na merikebu nzima humlilia. Shabaha ya mzaha huo ilikuwa bayana. Hadithi nyingi za wakati ule zilikuwa na msichana wa aina hiyo, ambaye kwa kweli alikuwa ni mtungaji mwenyewe aliyejivika sifa zote. Kwa kuuchekesha mtindo badala ya kumtaja mtu, Smith alitoa uhakiki uliofundisha bila kumwaibisha yeyote kwa jina lake.

Lililofuata ni jambo la kusikitisha. Jina la mhusika liligeuka likawa jina la kubandika. Mhakiki hakuhitaji tena kuonyesha ni wapi mhusika amekosa uzito, wala kwa nini msomaji hamwamini. Ilitosha kusema kwamba huyu ni Mary Sue, na mjadala ukafungwa. Camille Bacon-Smith, katika uchunguzi wake wa jamii hizo uliochapishwa mwaka 1992, alieleza kwamba waandishi walifikia hatua ya kuogopa kubuni mhusika yeyote wa kike, wasije wakabandikwa jina hilo. Hivyo istilahi iliyozaliwa kwa ajili ya kurekebisha kasoro moja ikawa kizuizi kwa wanawake kuandika habari za wanawake.

Mfano wa Guni

Msomi wa ushairi wa Kiswahili hatakosa kuona ulinganifu. Neno guni lina maana mahsusi: shairi lililokosa urari wa vina au mizani. Ni istilahi ya fundi, na fundi ana haki ya kuitumia. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipozieleza sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, alimpa mwanafunzi kipimo ambacho kwacho angeweza kuipima kazi yake mwenyewe. Lakini katika mabishano yaliyopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, hoja ya wanajadi ilikuwa kwamba tungo zisizofuata vina na mizani si mashairi. Katika hali hiyo neno guni halikueleza tena kasoro. Kumwambia mtu aliyeviacha vina kwa makusudi kwamba hana vina ni kumweleza jambo analolijua. Swali lililopasa kuulizwa ni kama alichokiweka mahali pa vina kinaibeba kazi ile vina vilivyokuwa vikiifanya. Upande wa pili nao ulikuwa na kosa lake, kwani kuviita vina na mizani pingu tupu kulimwondolea mtu wajibu wa kusikiliza vinavyofanya ndani ya shairi moja moja.

Katika visa vyote viwili, jina la kubandika linamwondolea mhakiki kazi ya kusoma. Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Adabu ya uhakiki, basi, haianzi katika upole wa maneno. Huanza katika kuingia ndani ya kazi.

Namna ya Kutoa

Baada ya muda mashabiki walijiwekea njia iliyo bora zaidi, nayo ni ya msomaji wa awali. Wao humwita msomaji wa beta, kwa jina lililoazimwa kutoka kwa waundaji wa programu za kompyuta, ambao humpa mtu programu isiyokamilika aijaribu kabla ya kuitoa kwa watu wote. Mwandishi humwomba mwenzake aisome hadithi kabla haijatolewa, na aghalabu humwambia anachotaka kiangaliwe: sarufi, mwendo wa kisa, au uaminifu kwa wahusika wa asili. Mambo matatu hutimia kwa pamoja. Uhakiki umeombwa, umekuja wakati kosa bado laweza kurekebishwa, na umetolewa faraghani.

Mfano wa kubuni utafaa kulibainisha jambo hili. Mwandishi ametunga kisa ambamo Sherlock Holmes, baada ya Daktari Watson kuhama Baker Street, anampokea mgeni na kuyasadiki maneno yake yote. Mhakiki wa kwanza anaandika: “Huyu si Holmes. Mwandishi hamjui.” Wa pili anaandika: “Katika ukurasa wa pili Holmes anaikubali habari ya mgeni bila kumtazama viatu wala mikono. Je, umekusudia kuonyesha kwamba upweke umemtia upofu? Ikiwa ndivyo, msomaji anahitaji dalili moja mapema zaidi.” Wote wawili wameiona kasoro ile ile, na huyu wa pili hakuificha wala kuipaka asali. Tofauti ni kwamba ametaja mahali, ameuliza kusudi, ameipima kazi kwa kusudi hilo, na uamuzi ameuacha mikononi mwa mwenye kazi.

Namna ya Kupokea

Anayepokea naye ana wajibu wake. Desturi humtaka kushukuru kwanza na kutojibu kwa hamaki. Hafungwi kuyafuata yote aliyoambiwa, lakini akikataa, yafaa ajue sababu ya kukataa. Mwanzoni mwa hadithi humtaja msomaji wake wa awali na kumshukuru, kisha hukiri kwamba makosa yaliyobaki ni yake mwenyewe. Msomi yeyote aliyewahi kuandika dibaji ataitambua kauli hiyo. Maana yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa: humpa mhakiki heshima bila kumpa umiliki, na humwachia mwandishi lawama pamoja na mamlaka.

Mipaka ya Ukimya

Kuna suala ambalo jamii hizo hazijakubaliana. Wengi hushikilia kwamba kuikosoa hadithi iliyokwisha kutolewa, bila mwenyewe kuomba, ni utovu wa adabu, kwa kuwa hadithi ni zawadi. Wengine hujibu kwamba kilichotolewa hadharani kimekwisha kuomba kusemwa. Kauli ya kwanza ina nguvu zaidi kwa mwandishi anayeanza. Washairi wa Kiswahili nao huitambua tofauti hii: anayeingia katika kujibizana ameingia ulingoni kwa hiari, na hawezi kulalamika akijibiwa kwa ukali; asiyeingia hapaswi kuburutwa.

Hata hivyo, ukimya una gharama. Cecilia Aragon na Katie Davis wa Chuo Kikuu cha Washington, katika kitabu chao cha mwaka 2019, walionyesha kwamba maoni mafupi mafupi ya wasomaji wengi, yakijumlishwa, huweza kufanya kazi ya mwalimu. Utafiti uliohusiana na kazi hiyo ulikuta kwamba waandishi waliopata maoni mengi zaidi walielekea kuonyesha upana zaidi wa msamiati kadiri muda ulivyopita. Ulinganifu huo peke yake hauthibitishi sababu, lakini watosha kuonyesha kwamba mwandishi asiyeambiwa lolote hunyimwa kitu chenye thamani.

Hitimisho

Kwa muhtasari, heshima katika uhakiki haipimwi kwa wingi wa sifa. Hupimwa kwa idhini, kwa wakati, na zaidi ya yote kwa usomaji. Istilahi kama guni zina kazi yake darasani na hazina budi kubaki. Lakini mwanafunzi anapomletea mhadhiri shairi lake la kwanza, naye akarudishiwa neno hilo moja limeandikwa pambizoni kwa wino mwekundu, hana njia ya kujua kama shairi lake limesomwa. Sentensi moja inayotaja ubeti, na kuuliza alikusudia nini hapo, ingemjulisha.