Fanksheni ya Kuitikia: Vipimo vya Kompyuta Vinakotoka

Programu ya kufuatilia utendaji wa kompyuta haijui yenyewe ni maombi mangapi yanasubiri kwenye hifadhidata, wala diski imeandika baiti ngapi tangu mashine iwashwe. Inachojua ni kuuliza tu. Jibu hutolewa na kipande kidogo cha msimbo, kilichoandikwa na mtu anayeufahamu mfumo unaopimwa, kikasajiliwa mapema na kuachwa kikisubiri. Kipande hicho ni fanksheni ya kuitikia. Aliyeiandika haiiti yeye. Programu ya ufuatiliaji ndiyo inayoiita, kila inapohitaji thamani ya kipimo.

Mpangilio huu una faida mbili. Kwanza, kazi ya kupima hufanyika panapokuwa na anayeuliza. Kipimo ambacho hakuna anayekitazama hakiigharimu mashine karibu chochote. Pili, programu ya ufuatiliaji hubaki ileile hata vitu vinavyopimwa vikiongezeka. Anayetaka kupima mfumo mpya huandika fanksheni yake na kuisajili, bila kugusa msimbo mkuu.

Mfano mzuri ni Performance Co-Pilot, kwa kifupi PCP, mfumo uliotengenezwa na kampuni ya Silicon Graphics ya Marekani katika miaka ya 1990 na kutolewa kama programu huria mwaka 2000. Kwenye mashine inayopimwa hukaa programu iitwayo pmcd, ambayo ndiyo mratibu. Chini yake wapo mawakala, kila mmoja na eneo lake: mmoja hushughulika na kerneli ya Linux, mwingine na seva ya Apache, mwingine na hifadhidata ya PostgreSQL. Mtu anapotaka kuona kipimo, chombo anachokitumia huiuliza pmcd, nayo hulifikisha swali kwa wakala anayehusika. Ndani ya wakala, fanksheni ya kuitikia huitwa mara moja kwa kila thamani iliyoombwa.

Fanksheni hiyo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya C, hupokea vigezo vitatu. Cha kwanza hueleza kipimo kinachotakiwa, kikiwa na namba ya utambulisho yenye sehemu tatu: eneo la wakala, kundi la kipimo na nafasi ya kipimo ndani ya kundi. Cha pili hutaja ni kitu gani hasa kinachoulizwa, kwa kuwa kipimo kimoja kinaweza kuwa na thamani nyingi: mashine yenye diski nne ina majibu manne ya swali lilelile. Cha tatu ni mahali pa kuandika jibu.

PCP huja na wakala wa mafunzo aitwaye simple, ambaye msimbo wake huonyesha umbo hilo kwa uwazi. Kipimo chake kiitwacho simple.color kina vitu vitatu: nyekundu, kijani na buluu. Fanksheni ikiulizwa nyekundu, huongeza 1 kwenye namba iliyohifadhiwa. Kijani huongeza 2, na buluu huongeza 3. Namba ikipita 255 huzunguka na kuanza upya. Kisha thamani huandikwa mahali pake na fanksheni hurudisha jibu kwamba kazi imefanyika. Ikiulizwa rangi ya nne, ambayo haipo, hairudishi namba yoyote ya kubahatisha. Hurudisha kosa lenye maana kwamba kitu hicho hakijulikani. Namba hizo hubadilika kwa kuulizwa kwa sababu ni za mafunzo. Katika kazi halisi, kuuliza hakupaswi kukibadilisha kinachopimwa.

Katika kukataa kubahatisha ndipo ilipo kanuni iliyo nzito kuliko zote: kukosa thamani si sawa na kuwa na thamani ya sifuri. Hifadhidata ikizimika, fanksheni inayohesabu wateja waliounganishwa haiwezi kupata idadi yao. Ikiandika sifuri, mhandisi anayetazama grafu ataamini kwamba hifadhidata iko hai na haina wateja. Wastani wa siku nzima nao utapotoka, na kengele iliyowekwa kulia idadi ikizidi kiwango fulani itakaa kimya. PCP huzitenganisha hali hizi waziwazi: fanksheni hurudisha namba chanya ikiwa thamani ipo, 0 ikiwa kwa sasa hakuna thamani, na namba hasi ikiwa kuna kosa. Pengo kwenye grafu humwambia mtazamaji ukweli; sifuri ya uongo humpoteza.

Suala linalofuata ni aina ya thamani. Vipimo vingine hueleza hali ya sasa, kama kiasi cha kumbukumbu kilichotumika, na hupanda na kushuka. Vingine ni vya kujumlisha: hukua tu, kama mita ya maji ya nyumbani inavyozidi kusonga mbele. Baiti zilizopita kwenye mtandao na muda ambao kichakataji kimefanya kazi ni vya kundi hili la pili. Waandishi wengi wapya hushawishika kukokotoa kasi ndani ya fanksheni, yaani kutoa thamani ya mwito uliopita kutoka kwenye ile ya sasa na kugawanya kwa muda. Njia hiyo huharibika mara tu waulizaji wanapokuwa wawili. Mmoja akiuliza kila sekunde na mwingine kila dakika, kila mwito hufuta kumbukumbu ya mwenzake, na wote hupata kasi isiyo sahihi. Fanksheni itoe jumla ghafi. Kasi ikokotolewe na muulizaji, anayejua mwenyewe aliuliza lini.

Jumla hizo zinahitaji nafasi ya kutosha. Namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi huishia 4,294,967,295. Kwenye mtandao unaopitisha gigabiti 1 kwa sekunde, sawa na baiti milioni 125, kihesabio cha baiti cha ukubwa huo hujaa na kurudi sifuri kwa takriban sekunde 34. Anayeuliza kila dakika hawezi kujua kimezunguka mara ngapi. Kwa hiyo vihesabio vya aina hii huwekwa kwenye namba za biti 64.

Vizio navyo havitakiwi kukisiwa. Faili la /proc/meminfo la Linux hutaja kumbukumbu kwa vizio vilivyoandikwa kB, ingawa kila kimoja ni baiti 1,024. Faili la /proc/stat huhesabu muda wa kichakataji kwa vipande ambavyo kwenye mashine nyingi ni 100 kwa sekunde. Mwandishi wa fanksheni lazima ajue chanzo chake kinasema nini, kisha atangaze kizio kilekile anachokitoa, ili vyombo vya kuchora grafu visichanganye milisekunde na sekunde.

Thamani zinazotoka pamoja zinapaswa pia kuwa za wakati mmoja. Wakala simple ana vipimo viwili vya muda wa kichakataji: muda wa programu yenyewe na muda ambao kerneli imeifanyia kazi. Fanksheni ikiusoma mfumo upya kwa kila kimoja, namba hizo mbili zitatoka nyakati tofauti, na kazi ya kusoma itarudiwa bure. Msimbo wake huhesabu maombi yanayofika. Ombi jipya likija, husoma mara moja na kuhifadhi thamani zote mbili, halafu hujibu miito yote ya ombi hilo kutoka kwenye kilichohifadhiwa. Utaratibu huu huhitajika hasa pale jumla na sehemu zake vinapolinganishwa.

Kasi ya kujibu ni sharti jingine. Kwa kawaida pmcd humsubiri wakala kwa sekunde 5. Akichelewa, hukata mawasiliano naye, na vipimo vyake vyote hupotea pamoja na kile kimoja kilichokwama. Fanksheni isiyojibu haraka kwa sababu inasubiri mtandao au hoja nzito ya hifadhidata inakaribisha tatizo hilo. Dawa yake ni kuiondoa kazi nzito ndani ya fanksheni: uzi mwingine wa programu hukusanya thamani kwa vipindi vyake na kuziweka kwenye kumbukumbu, na fanksheni huchukua iliyopo. Thamani iliyokaa mno ihesabiwe kuwa haipo.

Kanuni hizi hazihusu PCP peke yake. Prometheus, mfumo ulioanzishwa katika kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, nao huvifuata vipimo kwa kuuliza, kwa kawaida kila dakika 1 na kwa kusubiri si zaidi ya sekunde 10. Maktaba yake ya lugha ya Go humruhusu mwandishi kufunga fanksheni kwenye kipimo, ikaitwa kila swali linapofika. Kwa kuwa maswali mawili yanaweza kufika kwa pamoja, fanksheni hiyo lazima iwe salama kuitwa mara mbili kwa wakati mmoja. Data inayotumiwa na zaidi ya mwito mmoja ilindwe kwa kufuli.

Kabla ya kutumika, fanksheni hujaribiwa. PCP ina chombo kiitwacho dbpmda kinachomwezesha mwandishi kumhoji wakala moja kwa moja bila kupitia pmcd, na kingine, pminfo, kinachoonyesha thamani zilizorudishwa. Jaribio kamili huuliza kipimo kilichopo na kisichopo, huuzima mfumo unaopimwa ili kuona kama fanksheni inakiri kukosa thamani, huuliza mara nyingi mfululizo kuchunguza kama kumbukumbu inavuja, na hulinganisha jibu na chanzo kingine kinachoaminika. Fanksheni ikipita hatua hizo zote, namba zake zinaweza kutumiwa kuamua mashine iongezewe nini, hitilafu itafutwe wapi, na nani aamshwe usiku.