Kuchukua si kuiba: Lugha na haki ya mnyonge mahakamani

Wahenga hawakukosea waliponena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini iwapo atapewa haki hiyo kwa lugha asiyoielewa, je, atakuwa amepewa nini?

Swali hili lilinijia siku moja nilipoketi katika mahakama ya hakimu kusikiliza jinsi lugha inavyotumiwa humo. Mzee mmoja alipandishwa kizimbani kwa shtaka la kuiba mbuzi. Hati ya mashtaka ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Karani, aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi, akamfasiria kwa Kiswahili cha mkato: "Unaambiwa ulimchukua mbuzi huyu. Ni kweli ama si kweli?" Mzee akajibu bila kusita: "Ni kweli, nilimchukua."

Kwa jibu hilo, mzee alikuwa amelikaribia lango la jela. Bahati njema, wakili kijana aliyekuwa akingojea kesi nyingine alisimama, akaomba ruhusa ya hakimu ili mzee aulizwe upya, polepole, kwa lugha ya kwao. Hapo ndipo ilipobainika kwamba mzee alimchukua mbuzi akiamini kuwa ni wake aliyepotea. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa amekana shtaka. Wakili yule hakudai hata senti.

Msomaji mpendwa, tofauti baina ya "kuchukua" na "kuiba" si ya kamusi tu. Kwa mujibu wa sheria yetu ya adhabu, mwizi ni yule achukuaye kwa hila, pasipo kudai kwa dhati kwamba ana haki juu ya kitu hicho. Karani alipoiacha hila nje ya sentensi yake, aliliacha kosa lenyewe, na mzee akakiri jambo ambalo hakuulizwa.

Si kwamba sheria imenyamaza. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka na viungo vyake vyote muhimu lielezwe mshtakiwa kwa lugha yake au anayoielewa, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Katiba ya 2010, katika ibara ya 49, inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Aidha, ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai haki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujiendea.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa humngojea mtu wa kuidai. Ndiyo maana mawakili watetezi wa haki za binadamu wana kazi isiyoishia katika kesi kubwa zinazotajwa magazetini. Kazi hiyo huanzia pale kizimbani, asubuhi, shtaka linaposomwa.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Wanafunzi wa sheria wafunzwe kueleza shtaka kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wanafunzi wa Kiswahili nao wafunzwe ukalimani wa mahakamani, kwani huo ni ujuzi, wala si kazi ya yeyote aliye karibu. Mzee yule aliponea kwa kuwa wakili alitokea kuwapo. Wa kesho asitegemee bahati.