Tabibu wa Uloto

Edward Donnall Thomas, mwana wa tabibu wa kijijini, aliyezaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Mart, Texas, alihitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1946, na umri wake karibu wote akaushughulisha na jambo moja, nalo ni uloto, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa ambamo damu ya mwanadamu huzaliwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema: ikiwa saratani imekwisha kuuharibu uloto wa mgonjwa, basi na uteketezwe wote kwa mionzi, kisha atiwe uloto wa mtu mzima wa afya. Kuitenda ndiko kulikokuwa na mashaka.

Mwaka 1957 yeye na wenziwe walitoa habari za wagonjwa sita waliotiwa uloto kwa njia ya mshipa, na kabla siku 100 hazijatimia wote walikuwa wamekwisha kufariki. Hata pale uloto wa mgeni unapokubaliwa, chembe za kinga zitokanazo nao huweza kuugeukia mwili uliozikaribisha, zikashambulia ngozi, ini na matumbo. Matabibu wengi wakakata tamaa. Thomas naye akasita kuwatia wanadamu uloto wa mtu asiye pacha wao, lakini kazi hakuiacha, bali alirejea kwa mbwa wa maabara, akajifunza kulinganisha chembe za ndugu na ndugu, na kuituliza ile fitina ya kinga kwa dawa ya methotreksati, mkewe Dorothy akiwa bega kwa bega naye maabarani. Kwangu mimi, kusita huko kunamstahikisha heshima kuliko hata tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1990 pamoja na Joseph Murray, kwani ni wachache wanaothubutu kukiri mbele ya mahututi kwamba elimu yao haijafika. Mwaka 1969, huko Seattle, akawarudia wagonjwa.

Aliyezoea habari za upasuaji atastaajabu akiiona kazi yenyewe. Mtoaji hulazwa kwa dawa ya usingizi, sindano nene ikapenya mfupa wa nyonga mara nyingi na kufyonza uloto mwekundu, pengine lita nzima; ama mgonjwa, yeye hapasuliwi kabisa, hutundikiwa mfuko kama anayeongezwa damu, na chembe zile, zikisha kuzunguka mwilini, hujijulia zenyewe njia ya kuingia mifupani. Kisha ni kungoja, wiki mbili, tatu, hata nne, mgonjwa akiwa ametengwa chumbani kwa kukosa kinga, na tabibu akitazama vipimo vya damu kuona kama chembe nyeupe zimeanza kuchipuka.

Kazi hiyo imekwisha kufika Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako watoto wenye selimundu hupandikizwa uloto wa ndugu zao. Na kwa kuwa kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati moja tu katika nne ya kulingana na mgonjwa, miongoni mwa maswali ya mwanzo kwa mzazi ni hili: mtoto huyu ana ndugu wangapi?