Nani Amejaribu Kuuvunja?

Mfugaji wa Malambo, wilayani Ngorongoro, akienda mnadani kununua ng'ombe, hamwulizi mwenye mali kama mnyama ni mzima. Anamfunua mdomo ahesabu meno, anampapasa mbavu, anataka atembezwe aone kama anachechemea. Maneno ya muuzaji yanamfikia masikioni, macho yake yako kwenye kwato. Bei ikiafikiwa, simu hutolewa mfukoni na fedha huenda kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Ukaguzi wote unaishia hapo. Kama ujumbe wa malipo hayo umefungwa sawasawa asiweze mwingine kuusoma, hilo mnunuzi yuleyule mkali analipokea kama alivyoambiwa.

Kufunga ujumbe namna hiyo huitwa usimbaji fiche: maneno hupitishwa kwenye kanuni ya hesabu yakawa vurugu tupu, na mwenye ufunguo peke yake ndiye anayeweza kuyarudisha. Mara kwa mara hujitokeza kampuni inayodai kwamba imebuni njia mpya, haivunjiki, ni “ya kiwango cha kijeshi”. Ng'ombe wa aina hii hana mdomo wa kufunuliwa.

Hata serikali zimewahi kuuziwa mgonjwa. Kwa miongo mingi kampuni ya Crypto AG ya Uswisi iliziuzia nchi zaidi ya 120 mashine za kusimba mawasiliano ya mabalozi na majeshi. Uswisi haifungamani na upande wowote, basi nani angeishuku? Februari 2020 gazeti la Washington Post na televisheni ya ZDF ya Ujerumani vilifichua kwamba tangu 1970 kampuni hiyo ilikuwa mali ya siri ya CIA ya Marekani na BND, idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi. Kanuni za mashine nyingi zilikuwa zimelegezwa makusudi. Katika orodha ya wateja iliyochapishwa, Tanzania imo.

Wanunuzi wale hawakuwa wajinga. Mashine zilifanya kazi: barua iliingia ikisomeka, ikatoka imevurugika, ikafunguliwa vizuri upande wa pili. Usimbaji dhaifu na usimbaji imara hufanana kabisa machoni pa mtumiaji, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Wakazi wa Ngorongoro hawajasahau jinsi sifa zinavyokimbia kuliko vipimo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, wilaya hiyohiyo, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi watu wakisubiri kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Mti wa dawa hiyo, mugariga, haukuwa siri. Ila dawa ilisemekana hufanya kazi ikitoka mkononi mwake tu, na ushahidi uliosafiri mbali zaidi ulikuwa wa mdomo: fulani kanywa, fulani kapona. Wauzaji wa programu za siri nao hupenda sana ushuhuda wa wateja walioridhika. Tofauti ni kwamba mgonjwa asiyepona hatimaye hujua. Anayesomewa barua zake hasikii hata maumivu.

Dawa ya tatizo hili iliandikwa zamani. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa mwalimu wa lugha Ufaransa, alitaka mfumo wa siri uwe imara hata ukiangukia mikononi mwa adui. Cha kufichwa kiwe ufunguo tu. Boma la mfugaji liko hivyo. Uzio wa miiba fisi anauona kila usiku, na bado analala njaa.

Waliobuni simu za GSM walikwenda kinyume na ushauri huo. Kanuni yao ya A5/1, inayolinda mazungumzo kati ya simu na mnara, walikataa kuichapisha. Mwaka 1999 watafiti waliichimbua kutoka kwenye simu yenyewe, na 2009 Karsten Nohl na wenzake wakatangaza majedwali ya kuivunjia.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichagua njia nyingine. Mwaka 1997 iliita watu wa dunia nzima walete kanuni zao hadharani. Zikashindana 15, na washindani wakawa wanatafutana kasoro, kazi ambayo hakuna anayeifanya kwa bidii kuliko mpinzani. Iliyochaguliwa mwaka 2000 ni Rijndael ya Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambayo mwaka uliofuata ikawa kiwango rasmi kwa jina la AES. Imeshambuliwa kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna aliyeonyesha njia ya kuivunja inayotekelezeka.

Kwa hiyo asiyejua hisabati bado ana la kumwuliza muuzaji: kanuni imechapishwa wapi, na watu wasiolipwa na kampuni wameishambulia kwa muda gani? Anayejibu kwa kutaja urefu wa ufunguo hajajibu. Anayetangaza zawadi kwa atakayeuvunja usimbaji wake ndani ya wiki mbili naye hajajibu; pengine hakuna mjuzi aliyejisumbua kujaribu. WhatsApp, ambayo huandika kwamba jumbe zimesimbwa mwisho hadi mwisho, ina jibu la nusu. Itifaki ya Signal inayoitumia iko wazi na wanazuoni wameichambua, lakini msimbo wa programu yenyewe haujawekwa hadharani.

Kuchunguzwa nako si kinga ya milele. SIKE, kanuni iliyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, ilitokana na wazo la 2011, na mwanzoni mwa Julai 2022 NIST iliivusha hadi raundi ya nne ya shindano jingine. Mwezi haukuisha, Wouter Castryck na Thomas Decru wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, wakatoa andiko linaloonyesha jinsi ya kuivunja kwa takribani saa moja, kwa kompyuta isiyo na maajabu yoyote. Wabunifu wa SIKE hawakubishana. Waliandika wenyewe kwamba haiko salama na isitumiwe. Wateja wa Crypto AG walisubiri taarifa ya namna hiyo kwa miaka 50, na haikutoka kwa muuzaji.